Kutunza na Kuboresha Gari la Kijapani la Zamani Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Mtwara na Lindi wanaomiliki, au wanaotaka kumiliki, gari la Kijapani lililotengenezwa miaka ya 1980, 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanaolishughulikia kwa mapenzi yao siku za mapumziko. Msimamo unaopita katika majibu yote ni mmoja: gari lirudishwe kwanza katika hali aliyoikusudia mtengenezaji, ndipo liongezewe jambo jipya.

Ni gari lipi linalofaa kwa mtu anayeanza?

Linalofaa ni lile ambalo mafundi wa hapa wamelizoea na spea zake hazihitaji kutafutwa kwa miezi. Toyota Corolla ya AE100, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1991, na AE110 iliyoifuata mwaka 1995, ni shule nzuri. Injini zake za 5A-FE ya lita 1.5 na 4A-FE ya lita 1.6 zina nafasi ya kutosha ya kuingiza mkono, na makosa mengi ya mwanafunzi hurekebishika bila gharama kubwa. Anayetaka gari lenye mwendo mtulivu zaidi barabarani huvutiwa na Mark II ya GX100, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta, zenye injini ya 1G-FE ya lita 2.0 na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kwa safari za Liwale, au vijiji vya Nanyumbu na Newala ambako lami huisha mapema, Suzuki Escudo ya kwanza inatosha, na mwenye uwezo atapata raha ya muda mrefu katika Land Cruiser ya familia ya 70 yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo haitegemei kompyuta kuchoma mafuta. Tahadhari ichukuliwe kwa Prado na Hilux Surf zenye injini ya 1KZ-TE, kwa kuwa silinda hedi yake hupasuka kirahisi injini inapochemsha. Gari la namna hiyo lisinunuliwe kabla ya kuhakikisha kwamba rejeta na njia zote za maji ni nzima.

Nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Hapa pwani, kagua bodi kabla ya injini. Injini iliyochoka inaweza kufanyiwa ovahoo au kubadilishwa, lakini chesisi iliyoliwa na kutu hugharimu kazi ya uchomeleaji ambayo mafundi wachache huifanya kwa uangalifu unaostahili. Inua mazulia, gusa sakafu kwa mkono, fungua buti na utazame sehemu linapokaa tairi la akiba, kisha lala chini na uangalie sehemu za kuwekea jeki. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye vizingiti vya milango na juu ya magurudumu. Mahali isiponata, chini ya rangi kuna puti, na puti nene huficha kutu au ajali.

Ukimaliza hapo, omba injini iwashwe ikiwa ya baridi kabisa, si ile iliyopashwa moto kabla hujafika. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha, mlio wa vyuma unaochelewa kunyamaza, au kulanti (maji ya kupoza injini) yenye rangi ya kutu ni sababu za kutosha za kurudi kwenye bei. Kipimo cha mgandamizo wa silinda kina maana kubwa zaidi katika tofauti kati ya silinda na silinda kuliko katika namba yenyewe, na tofauti isizidi takriban kilo 1 kwa sentimita ya mraba.

Kibao chenye herufi na namba kilichopo chini ya boneti kina faida gani?

Kibao hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari. Kinaonyesha msimbo wa modeli, injini, namba ya fremu, rangi ya awali na aina ya giaboksi. Kipige picha na uihifadhi kwenye simu, kwa sababu muuza spea makini atakiuliza kabla ya kukutajia bei. GX100 moja hutofautiana na nyingine kwa vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na namba ya fremu ndiyo inayoamua ni pampu gani au sensa gani itakayoingia bila kuchongwa.

Nimeshalinunua. Nianze na rimu na muziki, au na ufundi?

Anza na ufundi, kwa mpangilio unaoanzia kwenye usalama: breki, matairi, usukani na bushi, njia za maji, mikanda, kisha umeme. Mabomba ya mpira ya gari lenye miaka 25 yamekwisha kukauka hata kama hayajavuja, na bushi za mpira zilizopasuka hulifanya gari liyumbe kiasi kwamba mwenyewe hudhani anahitaji shokapu mpya za bei kubwa. Ni jambo la kawaida mtu kubadilisha bushi na boli joint, akapiga alaimenti, kisha akagundua kwamba lile gari alilotaka kulifanyia marekebisho makubwa lilikuwa tayari ni gari zuri. Furaha ya kuliendesha gari lililorudi katika ujana wake haipatikani kwa stika wala kwa bomba la moshi lenye kelele.

Gari langu linachemsha. Fundi ameshauri thamostati itolewe kwa kuwa huku kwetu kuna joto. Je, ni sahihi?

Hapana, na ushauri huu umeharibu injini nyingi kuliko joto la Lindi lenyewe. Thamostati ni valvu inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta, na ile ya Toyota kwa kawaida huanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 82 hivi. Ikitolewa, injini hukawia kufika joto lake la kazi, na mara nyingine haifiki kabisa unapokwenda mwendo mrefu wakati wa usiku. Kompyuta hudhani injini bado ni ya baridi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada, oili huchanganyika na petroli hiyo, na kuta za silinda huanza kulika. Isitoshe, katika baadhi ya injini thamostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya pembeni ya maji. Kisahani hicho kisipokuwepo, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, hivyo gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe huweza kuchemsha zaidi.

Kinachotakiwa ni kutafuta chanzo. Je, mfuniko wa rejeta unashika presha? Mfuniko wa presha ya kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118, na mpira wake ukichanika kinga hiyo hupotea. Je, feni ya GX100 inayozungushwa na mkanda bado ina ukinzani, au inazunguka ovyo ukiisukuma kwa mkono injini ikiwa imezimwa baada ya kupata moto? Je, mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi jekundu la njia za korosho? Thamostati yenyewe ni rahisi kuipima: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, yapashe moto taratibu, na uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga tena yakipoa. Ukiirudisha, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kielekee mahali alipoelekeza mtengenezaji, mara nyingi juu, ili hewa itoke.

Maji ya kisima yasiwekwe kwenye rejeta, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi inayokula aluminiamu ya silinda hedi. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, na uhakikishe kwamba hujapewa tindikali ya betri kwa bahati mbaya.

Nitazuiaje kutu katika hewa ya chumvi?

Swali hili ndilo linaloamua umri wa gari katika mikoa yetu. Mwenye nyumba ya Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko hulaza gari lake ndani ya hewa yenye chumvi kila usiku, na anayelipeleka kwenye mchanga wa Msimbati hulirudisha likiwa na chumvi iliyonata mahali pasipoonekana. Siku hiyohiyo, kabla mchanga haujakauka, osha chini ya gari kwa maji baridi mengi: ndani ya maguadi, nyuma ya bampa, juu ya tangi la mafuta na kuzunguka mabomba ya breki. Kuosha juu pekee ni kuosha kwa ajili ya majirani.

Kila mlango na kila kizingiti kina matundu madogo ya kutolea maji upande wa chini. Yatafute kwa kidole na uyazibue kwa kijiti laini, maana tundu lililozibwa na udongo hugeuza kizingiti kuwa dumu la maji ya chumvi, na kutu huanzia ndani ikatokeza nje wakati bati limebaki jembamba sana. Matundu yakishakuwa safi na gari likishakauka juani, nyunyizia ndani yake nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu.

Kutu iliyokwisha kuonekana isifunikwe. Isugue hadi bati ling'ae, paka dawa ya kubadilisha kutu yenye asidi ya fosfori kwenye vishimo ambavyo msasa haukufika, iache ikauke, paka praima ya epoksi, ndipo puti kidogo kama inahitajika, kisha rangi. Wengi huweka puti moja kwa moja juu ya bati tupu, na kwa kuwa puti hufyonza unyevu, uvimbe hurudi msimu wa mvua unaofuata. Desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari haifai pia: hulainisha bushi na mabomba ya mpira, hushika vumbi, na mvua huisafirisha hadi ardhini.

Taa ya chek injini inawaka na gari langu halikubali mashine za kisasa za kupimia. Nifanyeje?

Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani hayana soketi ya kupimia inayofanana na ya magari ya sasa, lakini yanaweza kujieleza yenyewe. Kwenye Toyota, fungua boneti na utafute kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya majina ya vitundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ikimetameta haraka kwa mapigo yanayolingana, kompyuta haina kosa lolote iliyolihifadhi. Likiwepo kosa, taa huhesabu: mapigo mawili, kituo kifupi, halafu mapigo mawili mengine, maana yake ni namba 22, ambayo ni sensa ya joto la maji. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, na 41 ni sensa ya mkao wa throto.

Namba haimaanishi kwamba sensa imekufa, bali kwamba njia yake ya umeme haisomeki vizuri. Kabla ya kununua sensa mpya, chomoa soketi yake uangalie kama ina rangi ya kijani ya kutu ya shaba, ugonjwa mkubwa wa pwani yetu, kisha ipime kwa mita ya umeme. Sensa ya joto la maji yenye afya husoma kiloomu 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na kiloomu 0.2 hadi 0.4 maji yakifika nyuzi 80. Asubuhi nyingi za Mtwara huwa na joto zaidi ya nyuzi 20, hivyo kipimo chako mara nyingi kitakuwa chini kidogo ya hapo. Ukisharekebisha, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja ili kumbukumbu ifutike, na uwe mwangalifu usiguse vitundu vingine kwa ule waya, kwa sababu baadhi vina umeme wa betri.

Taimingi belti ibadilishwe lini?

Kila kilomita 100,000 kwa injini nyingi za Toyota za wakati huo. Kwa gari lililonunuliwa bila historia yoyote, libadilishiwe mara moja pamoja na tenshena, sili na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Ikikatika kwenye 4A-FE, gari litasimama na utaliburuta. Ikikatika kwenye 1G-FE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha majira ya valvu kufunguka), iliyoingia katika GX100 kuanzia mwaka 1998, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika. Kwa hiyo mwenye GX100 ajue kwanza injini yake ni ya kabla au ya baada ya mwaka huo.

Niweke oili gani?

Oili ya 10W-30 au 10W-40 kutoka duka linaloaminika inafaa injini nyingi za petroli za rika hili katika joto letu. Oili nzito ya namba moja, SAE 40, huchelewa kufika juu ya injini asubuhi. Kwenye giaboksi ya otomatiki, haidroliki ichaguliwe kwa maandishi yaliyopo kwenye kijiti cha kupimia au kitabu cha gari. Iliyotaka Type T-IV isiwekewe Dexron eti kwa sababu zote ni nyekundu.

Nataka rimu kubwa. Nizingatie nini?

Zingatia idadi na umbali wa nati, tundu la katikati, na kipenyo cha nje cha tairi. Corolla AE100 ina nati 4 katika duara la milimita 100, ilhali Mark II ina nati 5 katika duara la milimita 114.3. Nati za Toyota zina uzi wa M12 × 1.5 na za Nissan ni M12 × 1.25, hivyo kuazimana nati kati ya magari hayo huharibu stadi, yaani bolti zinazoshika gurudumu.

Kwa kipenyo, chukua mfano wa tairi la 195/65R15, ambalo lina kipenyo cha takriban milimita 634. Ukiweka 205/55R16 unapata milimita 632, tofauti isiyoonekana kwenye spidomita. Ukiweka 215/45R17 unapata milimita 625, ambayo bado inakubalika, lakini ukuta wa tairi umebaki mfupi na shimo moja katika barabara ya vumbi linaweza kupinda rimu. Kwa barabara zetu, inchi 16 ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Soma pia tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lililozeeka hupasuka kwenye mwendo mrefu wa barabara kuu.

Je, nikate springi ili gari likae chini, au niweke spesa lipande juu?

Kukata springi ni kosa. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, inaweza kuchomoka gari linaporuka tuta, na shokapu hufanya kazi katika sehemu ambayo haikutengenezewa. Anayetaka kushusha anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli hiyo, na akumbuke matuta yaliyopo katika kila kijiji kuanzia Mingoyo hadi Masasi. Spesa za kupandisha gari zinapendwa sana hapa na zina sababu ya haki, ila kimo kikizidi, ekseli za mbele hufanya kazi kwa pembe kali, mpira wake huchanika, na matairi huliwa upande mmoja. Panda kidogo, kisha nenda moja kwa moja kwenye alaimenti.

Kubadilisha 1G kwa 1JZ kunawezekana?

Kunawezekana, na ni miongoni mwa mabadiliko yenye mantiki zaidi, kwa sababu bodi ileile ya Mark II ilitoka kiwandani pia na injini ya 1JZ ya lita 2.5, hivyo vishikizo na mabomba sahihi vipo. Nunua injini pamoja na giaboksi yake, kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya zake zote bila kukatwa. Waya uliokatwa kwa mkasi hugeuka kuwa mateso ya miezi kwa fundi umeme. Toleo la 1JZ-GTE lenye turbo la mwaka 1996 lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke kwa magari ya nchini mwao. Nguvu hizo zinadai breki kubwa, rejeta kubwa na pampu ya mafuta inayolingana, na kazi hizo zitangulie injini.

Je, mabadiliko haya yana masharti ya kisheria?

Ndiyo. Rangi na namba ya injini zimeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha chochote kati ya hivyo upeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe, ukiwa na nyaraka za manunuzi ya injini. Bila hivyo utapata taabu kwenye bima, wakati wa kuuza, na pale askari wa usalama barabarani atakapolinganisha kadi na gari.

Mbona redio ya gari inakamata stesheni chache?

FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kifaa kidogo kinachoungwa kwenye waya wa antena huhamisha masafa, lakini sauti hupungua ubora, na redio ya kubadilisha hugharimu kiasi kinachovumilika. Redio ya awali ihifadhiwe kwenye boksi, kwa kuwa dashibodi kamili huongeza thamani ya gari.

Taa za mbele ni hafifu. Niweke HID (taa za gesi ya zenoni)?

Kwenye taa iliyotengenezewa globu ya kawaida, HID hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Chanzo cha uhafifu mara nyingi ni kioo cha plastiki kilichofifia na waya zilizochoka. Kisugue kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500 na 2000, umalizie kwa kompaundi, halafu weka rilei ili umeme utoke kwenye betri moja kwa moja. Kwa kuwa Japani nao huendesha kushoto, mwelekeo wa mwanga wa taa zao unatufaa bila marekebisho.

Spea nizipate wapi?

Vitu vya sevisi ya kawaida vinapatikana katika maduka ya Mtwara mjini, Lindi mjini na Masasi. Vilivyobaki huagizwa Dar es Salaam, maeneo ya Kariakoo na Gerezani, na kuletwa kwa basi, safari ambayo hadi Mtwara huzidi kilomita 500. Mtumie muuzaji picha ya kibao cha gari na picha ya spea yako ya zamani ikiwa pembeni ya rula, kwani kurudisha spea isiyoingia hugharimu nauli mara mbili. Agiza pia kabla ya masika: mwezi Mei 2024 barabara ilikatika eneo la Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya, na mizigo ya kusini ikakwama. Mwenye gari la zamani ahifadhi nyumbani mkanda wa akiba, mabomba ya rejeta, thamostati, plagi na fyuzi.

Ninasafiri kwa miezi kadhaa. Gari niliacheje?

Lioshe chini na juu, likauke kabisa, kisha liegeshe mahali penye kivuli na upepo. Turubai la nailoni lisitumike, kwa sababu hufungia unyevu wa chumvi. Jaza tangi ili nafasi ya unyevu ipungue, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, na utenganishe waya hasi wa betri, ambayo ikiwa imejaa na imetulia husoma takriban volti 12.6. Usivute hendibreki, kwa kuwa breki shuu hugandana na drami, badala yake ziba magurudumu kwa magogo. Ukirudi, kagua waya chini ya boneti kama panya hawajazitafuna, pima oili na kulanti, na mwendo wa kwanza uwe mfupi na wa polepole huku ukikanyaga breki mara kwa mara hadi kutu nyepesi ya kwenye diski iishe na kishindo chake kitulie.